Nondo ya mita mbili

Juzi fundi bomba alipofungua karo la jikoni, harufu ya tope jeusi ikajaa nyumba nzima. Wenzangu wakakimbilia uani. Mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, lakini akili ilishafika Agosti 1997, nipo magotini kwenye maji, chini ya daraja.

Tulikuwa wanne na Land Rover moja ya kusukuma, tunakagua madaraja ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara. Tulitumwa na onyo: hela ya matengenezo inatosha daraja moja. Labda moja na nusu.

Kwangu mimi mshindi alishajulikana. Kulikuwa na daraja karibu na mashamba ya miwa, lori lilishang'oa kingo za upande mmoja, nondo zimechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Watu wakatuzunguka wakilalamika. Fomu yetu ilikuwa na alama 1 mpaka 5, na 5 ndiyo mbaya kabisa. Nikaandika 5 bila kupepesa.

La kesho yake halikuwa na neno. Zege safi, ukiligonga kwa nyundo linaitika vizuri, halina ule mlio wa debe tupu. Mto ulibaki kijito. Nikaandika 2, nikaanza kunawa miguu.

"Umeshuka kwenye nguzo?" akaniuliza Mzee, mkubwa wetu wa msafara.

"Nimeshuka, Mzee. Ipo salama."

"Umeiona, au umeigusa?"

Alikuwa na nondo ya mita mbili aliyotembea nayo kama bakora. Akaichoma mchangani, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Ikaingia kiasi cha kiganja, ikagoma. Akanipa. "Sasa choma pale kwenye kitako."

Nikachoma kwa nguvu, nikitegemea igome. Nusura nianguke kifudifudi. Ilizama kama mwiko kwenye uji, mkono ukaifuata, shavu likagusa maji. Mzee akasema niilaze kidogo, niielekeze chini ya msingi. Ikapita. Nikainua ncha, ikagonga zege, kwa chini. Nilikuwa naligonga daraja tumboni, mahali palipotakiwa kuwa na ardhi. Wakati huohuo lori la miwa likapita juu yetu na mtetemo ukanishukia kwenye vidole. Nilipoichomoa nondo, ilitoka na lile tope la majani yaliyooza.

Maji yakijaa, akanieleza, yanachimba shimo kuzunguka nguzo. Yakipungua yanarudisha mchanga mlaini na kulifunika, kwa hiyo kiangazi unakuta pametulia. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za daraja la Schoharie Creek kule New York, lililoanguka tarehe 5 Aprili 1987 na kuua watu 10 baada ya mafuriko kuchimba msingi. Nikaikumbuka ile nondo.

Usiku, gesti, mimi na Mzee tukabishana huku tukila wali. Nikamwambia pale kwenye miwa ataanguka mtu, ni suala la lini tu. Akakubali. Halafu akauliza, "Na hili likiondoka, watu watazungukia wapi?" Magharibi ni milima ya Udzungwa, mashariki ni bonde la Kilombero. Ilibaki treni ya TAZARA, siku inayopita. Sikuwa na jibu.

Nikafuta 2, nikaandika 5. Hapo ndipo Mzee akasema kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha uhandisi: wakubwa wakiona 5 mbili mezani watachagua ile inayoonekana kwenye picha. Hakuniamuru. Alinisogezea kifutio tu. Lile la miwa nikalishusha, kwa mkono wangu, likawa 3.

Mengine yalikwenda haraka. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zikawekwa kuzunguka nguzo, kisha zikaja zile mvua za El Niño. Daraja halikutikisika. Hakuna aliyetushukuru, na sioni kwa nini angetushukuru. Nani ataapa kwamba lingeanguka? Hata mimi siwezi.

Ila mapema 1998, pale kwenye miwa, muuza mkaa alitumbukia mtoni na baiskeli yake usiku, kwenye pengo la kingo. Alipona, mguu haukupona. Nilimwona mara moja stendi ya Ifakara, anatembelea gongo. Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikanunua machungwa, nikapanda basi.

Fundi alipomaliza karo akasema bomba la bafuni nalo limechoka, na lile la kwenye tangi vilevile, lakini kwa hela niliyo nayo leo anaweza kugusa moja. "Tuanze na lipi, mzee?"

Nikamwambia anipishe kwanza, niingize mkono.