Mikorosho iliyohamia Msumbiji

"Kumbe bado upo kazini, afande? Mimi nilijua umeshastaafu."

Kasema hivyo binti niliyemfundisha ramani na dira kule Nachingwea, alipokuja JKT kwa miezi yake mitatu baada ya kidato cha sita. Sasa ni mpimaji, anazunguka vijiji vya bonde la Ruvuma akipima mashamba ya watu wanaoomba hati za kimila. Namba yangu kapewa na koplo wetu mmoja, mpenda ming'oko, vile viazi mwitu vya kusini. Wiki hii mkubwa kaja kutukagua na kuondoka, shemeji kajifungua mapacha, na mimi niko palepale kwenye "umeshastaafu". Shikamoo alitoa, tena kwa heshima zote. Ila sauti ilikuwa ya mtu aliyekuta redio ya babu bado inaimba.

Nikamjibu kwa ukavu, "Nipo. Kuna nini?"

"Afande, mikorosho ya watu imehamia Msumbiji."

Hapo nikakaa vizuri. Mashamba yako upande wetu, mita mia mbili hivi kutoka ukingoni, na kila pembe kaipima kwa GPS ya mkononi. Akihamishia kwenye ramani ya 1:50,000, zile tulizofundishia, nukta zinavuka mto. Wenye mashamba wanacheka, mwenyekiti wa kijiji hacheki.

Ugonjwa huu naujua. Ramani zile zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS ikitoka dukani huwa imewekwa WGS84, msingi mwingine, wa dunia nzima. Namba za gridi, zile zinazotaja mahali kwenye ramani, zinafanana sura, zote za kanda moja, ya 37 kusini, kwa hiyo mtu hashtuki. Lakini ukichukua namba za WGS84 ukaziweka kwenye ramani ya Arc 1960, nukta inashuka karibu mita 300 kusini na kusogea kidogo mashariki. Kwingine ungeona shamba limeruka barabara tu. Huku kusini ni mto, na ng'ambo ya mto ni nchi ya watu. Dawa yake ni kufungua mipangilio ya GPS, sehemu ya datamu, yaani huo msingi wa vipimo, kuchagua Arc 1960, kisha kuisoma nukta upya. Ukimaliza, andika pembeni mwa daftari umetumia ipi, maana anayekuja baada yako hatakuuliza. Kama kazi inakwenda kwenye kompyuta inayotumia WGS84, usiguse kitu. Hapo ramani ya karatasi ndiyo ya kugeuzwa.

Nilipomaliza akanyamaza kidogo, halafu akasema lile ambalo nimelirudia kichwani kuliko lile la kwanza.

"Nilihisi, afande. Nilirudia kwa dira. Nikatoka mbali na gari, simu nikamwachia mwenzangu, nikapima uelekeo wa kilima na wa njia panda, nikageuza digrii, nikachora. Dira ikaniweka upande wetu. Wenzangu wakasema dira imezeeka, ndiyo maana nimekutafuta."

Hajaacha kitu. Kugeuza ni hivi: uelekeo ukiwa chini ya 180 unaongeza 180, ukizidi unatoa. Mistari miwili ikikatana karibu na pembe mraba, uko hapo. Vitu viwili vikikaribiana sana machoni mistari inakatana kwa mshazari, na kosa la digrii moja, ambalo ni kama mita 17 kwa kila kilomita, linavutika likawa shamba zima. Na kachagua kilima na njia panda, hakuchukua mnara wa simu ulio karibu zaidi, kwa sababu ramani ile ni ya zamani kuliko minara. Hilo makuruta wengi liliwaingia sikio hili likatokea lile.

Basi na anione mstaafu, sina neno.

Jioni Mama Neema, mke wangu, kapiga simu kutoka Mikindani, maji ya kisima yameanza chumvi. Pampu inapigwa tangu asubuhi kwa ajili ya tofali za ukuta, na kiangazi hiki maji matamu yamebaki juu kidogo tu, bahari iko chini yake. Fundi anataka kuongeza kina. Nimemwambia asimruhusu, apige maji kidogo alfajiri na kidogo jioni, ila fundi kishalipwa nusu na kesho anakuja na vijana wake.