Kazi ni Kusimama

Watoto wa mtaani kwetu hapa Wete wana neno moja tu kila nikiirusha helikopta yangu ya rimoti: "Mjomba, iende! Iende bwana!" Kwao kinachoruka lazima kiende. Mie tangu niipate nahangaika na kinyume chake: isimame hewani usawa wa kifua, isiende popote.

Ni ndogo, urefu wake haufiki dhiraa, na ina pangaboi moja juu na jengine dogo mkiani. Zile za pangaboi mbili juu, zinazozunguka kila moja upande wake, hata mtoto wa chuoni anazisimamisha. Hii ya moja ni mtihani khaswa. Pangaboi likizunguka huku, kiwiliwili kinataka kuzunguka kule, na lile la mkiani ndilo linalokizuia. Ukiongeza moto, pua inavutika. Ndani mna jairo, kidude kinachohisi ikigeuka, ya kuirudisha, lakini haikumalizii kazi. Kwenye rimoti yangu kijiti cha kushoto ni cha kupanda na kugeuza pua, cha kulia ni cha mbele, nyuma na ubavuni, na vyote viwili havipati mapumziko.

Anayeanza huibembeleza chini chini akiogopa isianguke. Chini ndiko kubaya. Upepo wake wenyewe unapiga ardhi na kuitibua, inateleza huku na huku kama sabuni kwenye sakafu mbichi. Inyanyue kwa mkupuo mpaka kifuani, huko itakusikiliza.

Mpwa wangu aliifungia vijiti vya chelewa chini ya miguu yake, kila ncha kipira cha tenisi ya mezani, isipinduke ikitua upogo. Jirani alicheka. Lakini Igor Sikorsky mwenyewe, yule fundi wa helikopta, Septemba 1939 kule Marekani, aliporusha helikopta yake ya VS-300 kwa mara ya kwanza aliifunga kamba isiondoke, na yeye alikuwa amekaa ndani! Mie niko pembeni na vijiti vya fagio, sioni aibu.

Wakati wake ni baada ya sala ya alfajiri, uwanja wa skuli, upepo haujaamka. Msimu huu wa kusi, ikishapita saa tatu huna lako.

Ikikupa mkia, mambo mepesi: kushoto kwake ni kushoto kwako. Igeuze ikupe uso uone. Kushoto kumekuwa kulia, na ukisukuma mbele inakujia wewe. Mikono inasahau yote iliyojifunza. Dawa iliyonifaa ni kuacha kabisa kuhesabu kushoto na kulia. Natazama ubavu gani unainama, nasukuma kijiti upande huo huo unaoinama, inanyooka. Inachekesha, lakini jaribu.

Betri ndiyo inayokatisha utamu, dakika chache tu imekwisha. Hizi za lithiamu zina adabu zake: seli isizidi volti 4.2 ikijaa, wala isiachwe kushuka chini ya 3. Mie natua mapema. Iliyovimba siichaji tena, hata mpwa wangu aape kwamba bado inashika moto.

Sasa nasubiri mapangaboi ya akiba kutoka Dar. Nimeagiza jozi mbili, moja yangu na moja ya huyu mpwa, maana siku hizi rimoti anaichukua bila hata kuomba.