Nilivyounganisha apu zetu mbili kwenye maktaba moja ya matukio

Timu yetu ndogo hapa Kisumu ina apu mbili za Android. Ya kwanza inatumiwa na akina mama wauza samaki wa Kibuye na Kondele kuagiza omena, ngege na mbuta moja kwa moja kutoka ufuoni. Ya pili ni ya watu wa boda wanaobeba oda hizo. Ziliandikwa na watu tofauti, nyakati tofauti, na kila moja ilituma takwimu za matumizi kivyake. Oda ileile iliitwa “oda_mpya” kwa mteja, “agizo” kwa boda, na kwenye seva ikawa na jina la tatu. Mtu akiuliza ni oda ngapi za alfajiri zilizofika sokoni kabla ya saa nne, ilibidi majedwali yafunguliwe na kuoanishwa kwa mkono, mstari kwa mstari. Nikakabidhiwa kazi ya kujenga maktaba moja ya msimbo, yaani kipande cha programu ambacho apu zote zingekitumia kurekodi matukio: mambo yanayotokea ndani ya apu, kama oda kutumwa au kupokelewa.

Nilianzia kwenye jedwali. Jina la tukio, linarekodiwa lini hasa, linabeba vigezo gani (maelezo yanayoambatana nalo), na safu ya mwisho ambayo niliipigania sana: nani atalisoma, na akilisoma ataamua nini. Tulikaa na mwenzetu anayepokea oda, anayewapanga watu wa boda, na mhasibu. Tukio ambalo hakuna aliyelitaka tulilifuta. Kulikuwa na moja lililorekodi kila mguso wa kitufe cha kurudi nyuma, likala bando la wateja bila kumsaidia yeyote. Hilo liliondoka bila mjadala. Neno “lini” nalo lilituchukua muda. Je, oda imefika boda anapoegesha, au mama anapohesabu samaki na kukubali? Tukaamua ni mama anapokubali, kwa sababu hapo ndipo pesa ya boda inapolipwa. Nawaambia wanaotaka kufanya kazi kama hii: msiharakishe hatua hii, msimbo wenyewe ni mwepesi kuliko makubaliano.

Tunatumia Firebase, huduma ya Google inayopokea takwimu za apu, nayo ina masharti yake. Jina la tukio lisizidi herufi 40, lianze na herufi, na ndani yake ziwemo herufi, tarakimu na mstari wa chini peke yake. Tukio moja halibebi zaidi ya vigezo 25, na thamani ya kigezo cha maandishi isipite herufi 100. Viambishi kama “firebase_” na “ga_” vimetengwa kwa matumizi ya Firebase yenyewe, majina yetu hayawezi kuanza navyo. Badala ya kuwakumbusha watu masharti haya kila mara, niliyaandika kama jaribio linalopitia orodha yote ya majina. Jina likivunja sharti, toleo halijengeki.

Upande wa msimbo, maktaba ni moduli iliyoandikwa kwa Kotlin, lugha ya kuandikia apu za Android, yenye mlango mmoja tu: unaipa tukio, inalirekodi. Matukio yote ni aina zilizofungwa, yaani orodha yake iko ndani ya maktaba na haiongezwi kutoka nje, kwa hiyo mtu hawezi kujitungia jina lake pembeni. Akikosea tahajia, Android Studio, programu tunayoandikia msimbo, inamkatalia papo hapo. Firebase yenyewe niliitangaza kwenye Gradle, chombo kinachoijenga apu na kuunganisha maktaba zake, kwa “implementation”, sikutumia “api”, ili apu zisiione kabisa. Kesho tukihama kwenda huduma nyingine, tutabadilisha ndani ya maktaba, na skrini za apu zitabaki zilivyo. Jambo moja linalowasumbua wengi: faili ya google-services.json, inayoitambulisha apu kwa Firebase, na programu-jalizi yake hukaa kwenye moduli ya apu, hazikai kwenye maktaba. Ni sawa hivyo, maana kila apu ina utambulisho wake kule Firebase.

Kwa kuwa apu zetu ziko kwenye hazina mbili tofauti za Git (mfumo wa kutunza msimbo), tunaichapisha maktaba kwa namba za matoleo. Kuongeza tukio hupandisha namba ya kati, kubadilisha maana ya tukio lililopo hupandisha ya kwanza. Apu ya boda inaweza kuchelewa toleo moja na hakuna kinachoharibika.

Kuhusu faragha sikutaka mzaha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo inataka ukusanye data inayohitajika kwa kusudi ulilolitaja, basi. Maktaba inaanza ikiwa imezimwa na inawashwa mteja akikubali, na amri hiyo iko mahali pamoja kwa apu zote. Namba ya simu haiingii kwenye kigezo chochote, wala jina. Thamani ikifanana na namba ya simu, yaani ikianza na 07, 01 au 254 na kuwa na urefu wake, maktaba inaitupa kabla haijatoka kwenye simu.

Nilipopeleka toleo la majaribio Kibuye, nilikaa na mama mmoja kwenye kibanda chake akiwa anaagiza. Nikamuuliza, “Mama, simu hii unaitumia peke yako?”

“La, mwanangu. Binti yangu huagiza nayo nikienda ufuoni, kila mtu na akaunti yake.”

Hapo ndipo tulipoweka kanuni kwamba mtu akitoka kwenye akaunti, maktaba inafuta kitambulisho cha mtumiaji mara moja, isije oda ya binti ikahesabiwa kwa mama. Hiyo ni hali ya nyumba nyingi huku kwetu, na apu inayodhani simu moja ni mtu mmoja haitutendei haki.

Kujaribu ni rahisi ukijua pa kutazama. Kwa kawaida Firebase huyaweka matukio kwenye simu na kuyatuma kwa mafungu, takriban kila baada ya saa moja, ili kulinda betri na bando. Kwa boda anayekwenda fuo za mbali, ambako mtandao huja na kuondoka, hilo ni jema. Wewe unayejaribu, washa hali ya utatuzi kwa amri ya adb, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta: “adb shell setprop debug.firebase.analytics.app” ukifuatisha jina la kifurushi chako, kisha fungua DebugView, ukurasa wa Firebase wa kutazama majaribio: matukio yanashuka mbele yako baada ya sekunde chache.

Ripoti ya kwanza ya pamoja ilitupa fumbo. Ilionyesha wateja wengi wanaanza kulipa na hawamalizi, ilhali vitabu vya mhasibu vilionyesha wamelipa. Nikafuatilia kwenye simu yenyewe. Mteja akibonyeza Lipa, ombi la M-Pesa linatokea, anaweka PIN. Simu nyingi za wateja wetu zina kumbukumbu ndogo, na Android ikibanwa huzima apu iliyo nyuma. Pesa inaingia, lakini apu haipo tena kusema “malipo_yamethibitishwa”. Tukalihamishia tukio hilo kwenye seva, ambayo ndiyo inayopokea uthibitisho. Google ina njia ya kufanya hivyo, inaitwa Measurement Protocol. Inahitaji kitambulisho cha usakinishaji wa apu, na maktaba sasa inakiambatisha kwenye kila oda. Seva husoma orodha ileile ya majina, kwa hiyo jina la nne halikuzaliwa.

Sasa mwenzetu aliyeko Kakamega anajenga apu ya tatu, ya wenye mashua. Aliongeza mstari mmoja kwenye Gradle, akaweka faili yake ya Firebase, na matukio ya msingi yakaonekana siku hiyohiyo. Ameomba tukio jipya, “mashua_imetia_nanga”. Tunabishana bado kama lirekodiwe mashua inapogusa ufuo au samaki wanapopimwa.