Mnaojenga Mikocheni na Msasani, Dar es Salaam, pimeni kina cha maji ya ardhini kwanza

Jamani, kabla ya kuchimba shimo la choo, chimbeni kishimo cha kupimia maji ya ardhini yako kina gani, tena wakati wa masika. Kwetu fundi hajafika hata kiunoni, maji hayo! Hapo shimo refu halifai kabisa: linajaa maji ya ardhini, na uchafu unaishia kisimani kwa jirani.

Tumechagua karo, yaani tangi la majitaka, la zege la vyumba viwili, lisilovuja. Kinyesi kinatuama na kuozeshwa na bakteria, kisha maji yanachujwa kwenye tuta la mchanga na kokoto lililoinuliwa. Gharama imepanda, ndiyo, ila nalala kwa amani.

Na acheni nafasi gari la majitaka lipite. Wengi wanajenga ukuta wakisahau tope la karoni lazima linyonywe.