Siku moja maishani mwangu: chumba cha kemo, Tanga

Saa 1:00 asubuhi. Friji kwanza. Vinkristini na doksorubisini, dawa za kemo tunazowapa wenye limfoma (saratani ya tezi za limfu), zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa joto la Tanga na umeme unaokatika usiku, daftari la joto husomwa kabla ya kitu kingine chochote.

Saa 1:30. Wa Lushoto na Handeni wamelala mjini kwa ndugu zao, wa Muheza na Pangani wanashuka kwenye basi. "Shikamoo mama, umeamkaje?" Kisha maswali: homa? Vidonda mdomoni? Choo kinapatikana? Ganzi vidoleni? Jibu la "kidogo tu" halitoshi. Mwambie afunge kifungo cha shati mbele yako. Vidole vikishindwa, vinkristini imeanza kudhuru neva na dozi yake itaangaliwa upya. Uzito unapimwa kila mzunguko wa dawa, viatu vikiwa chini.

Saa 2:30. Majibu ya damu. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, zifike angalau 1,000 kwa maikrolita, chembe za kugandisha damu 100,000. Zikipungua, tunasubiri siku chache, lakini hatukimbilii kukata dozi. Limfoma kali hutibika kwa mpango wa kwanza ukitolewa kamili na kwa wakati. Ikirudi, kazi ni ngumu mno. Inauma kwamba wengi hufika wamechelewa, tezi za shingo zimetibiwa kama kifua kikuu kwa miezi bila kukatwa kipande kidogo cha kupimwa maabara. Kabla ya mzunguko wa kwanza, kipimo cha VVU na cha homa ya ini B lazima viwepo. Anayetumia ARV anaendelea nazo, ila zidovudini ibadilishwe, kwa kuwa nayo hudhoofisha uboho.

Saa 3:00. Hesabu ya dozi, watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Urefu wa sentimita 168 mara kilo 60, gawa kwa 3,600, kipeuo cha pili: eneo la mwili ni mita za mraba 1.67. Siklofosfamidi miligramu 750 kwa kila mita ya mraba, yaani miligramu 1,250. Doksorubisini 50 kwa mita, miligramu 84. Vinkristini 1.4 kwa mita inatoa 2.34, lakini kikomo ni 2, basi ni 2. Prednisoloni miligramu 100 kwa siku, siku tano. Vidonge vya miligramu 5 ni ishirini kila asubuhi baada ya kula. Hapa ndipo nyumbani wanaposhtuka na kumpa viwili. Mhesabie kiganjani mwake, na ndugu yake aone.

Mpango huu wa dawa nne, CHOP, ni wa zamani. Mwaka 1993 Wamarekani walichapisha jaribio la watu 899 wakiulinganisha na mipango mitatu mipya yenye dawa nyingi zaidi. Baada ya miaka mitatu hakuna uliouzidi, na waliokufa kwa sumu ya dawa walikuwa asilimia 1 kwa CHOP, asilimia 6 kwa mmoja wa ile mipya. Kilichouongezea nguvu kweli ni rituksimabu, dawa ya kingamwili inayolenga seli za limfoma: mwaka 2002 Wafaransa walionyesha, kwa wazee wa miaka 60 hadi 80, ugonjwa ukitoweka kabisa kwa wagonjwa asilimia 76 badala ya 63.

Saa 5:00. Dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla. Kanula mpya, mrija mdogo wa mshipani, kwenye mkono wa mbele, si kwenye kifundo cha mkono wala kwenye kiwiko. Doksorubisini, ile nyekundu, mililita 42, inasukumwa polepole huku dripu ikitiririka. Kila mililita tano vuta kidogo uone damu inarudi. Mgonjwa akisema inaunguza, simama papo hapo. Usichomoe kanula: vuta kwanza dawa iliyovuja. Kwa doksorubisini weka barafu, kwa vinkristini kitambaa cha moto. Ukizigeuza, unaongeza jeraha.

Vinkristini iwe kwenye mfuko wa mililita 50, si bomba la sindano. Ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua, na mfuko hakuna atakayeuchanganya na sindano ya mgongo.

Saa 8:00. Siklofosfamidi imekwisha, maji yanaendelea, lita tatu kwa siku na kukojoa mara kwa mara ili kibofu kisitoke damu. Mkojo mwekundu siku ya kwanza ni rangi ya doksorubisini, si damu. Mwenye uvimbe mkubwa yuko kwenye alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, tangu jana, na madafu hapewi, japo ndiyo zawadi ya kwanza ya kila ndugu wa pwani: yana potasiamu nyingi, na seli zinazokufa zinamwaga ya kwao kwenye damu, moyo ukasimama.

Saa 10:00. Kipimajoto kwenye mfuko wake. Siku ya 10 hadi 14 kinga iko chini kabisa. Joto likifika 38, aje usiku huohuo, antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja, bila kungoja panadoli ishushe. Kwenye kadi naandika tarehe ya kurudi, siku 21 kamili, na namba ya simu ya chumba hiki kwa herufi kubwa.