Siku moja maishani mwangu: kazi ya kufuatilia kima aitwaye kipunji, mlima Rungwe

Saa 10 alfajiri nimeshaamka. Chai ya rangi, ndizi za jana, gambuti, koti la mvua, panga, darubini, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Saa 12 mimi na mwenzangu tunaingia msituni. Mwezi wa nne huku Rungwe ni mvua na utelezi mwanzo mwisho.

Wengi wanadhani nalipwa kutazama nyani. Kipunji hayupo popote duniani ila Tanzania: huku Rungwe na Kitulo, na kule Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Wazee wa Kinyakyusa walimjua zamani. Wanasayansi walimfahamu mwaka 2003, na 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la viumbe) yake peke yake. Sensa ya kwanza ilikadiria kama 1,100 tu. Kwa hiyo kila mmoja ana uzito kwangu.

Saa 2 tunasikia mlio wao mzito, kama honi iliyochanganyika na mbweko. Ukungu unapofunguka namwona jike juu ya mti: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kimesimama kichwani, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Anachuma majani machanga. Tunaandika nani anakula nini, mpaka saa 5.

Halafu pembezoni mwa msitu tunakuta mtego wa gogo, na mwenye shamba kasimama pembeni yake.

"Ugonile, baba."

Haitikii. "Mwanangu, huyo mnyama wako ana serikali. Mahindi yangu yana nani?"

Fidia sina, na siwezi kumwambia hajaumia, maana kipunji kweli anakula mahindi. Namwomba tupite shamba zima, mstari kwa mstari. Mvua inashuka, tope linavuta gambuti, na kila shina anataka nilione. Kwenye mistari ya karibu na miti, mahindi yamenyofolewa na maganda yamechanwa huku mashina yamesimama: hao ni kipunji. Kuanzia katikati kushuka bondeni, mashina yamelazwa chini na ardhi imefukuliwa. Nainama, namwonyesha kwato.

"Nguruwe pori," anasema mwenyewe.

Anarudia kunizungusha upya, safari hii akitazama chini tu. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza. Miguu ilikuwa inatetemeka na mwenzangu alishakaa chini. Mzee hakunishukuru, wala sikutegemea. Ila alishika upande mmoja wa gogo, mimi mwingine, tukalibeba mpaka kwake likawe kuni.

Jioni, kwa tochi, najaza fomu: upande wa msitu kipunji, bondeni nguruwe, mtego mmoja umeondolewa. Mwili wote unauma. Nimemwahidi mzee kwamba kesho nitalinda naye ile mistari ya karibu na miti, na yeye kasema nije na debe langu la kugonga.