Likelemba ya Katuba bila seva: nilipofikia

Mkataba wa likelemba, yaani programu inayosimamia mchango wetu wa zamu, sasa unafanya kazi kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, ambako sarafu hazina thamani na mtu anajaribu bila hofu. Kwa mgeni wa mradi huu: hapa Lubumbashi kuna akina mama wa Katuba wanaochanga dola 20 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anabeba fungu lote. Programu yao ya kwanza niliiandika kwa PHP na hifadhidata ya MySQL, ikakaa kwenye seva ya kukodi. Hii ya pili haina seva. Kanuni za kikundi nimeziandika kwa Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hii, nazo zinakaa kwenye blokucheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi na kuandikwa bloku baada ya bloku.

Tofauti kubwa ninayoiona haiko kwenye lugha ya kuandikia, iko kwenye mamlaka. Zamani ufunguo wa hifadhidata nilikuwa nao mimi. Mwenye zamu akipata shida, mama mweka hazina ananipigia, nami nabadilisha mistari miwili kwa amri moja. Kwa amri hiyo hiyo ningeweza kumbambikia mtu deni, na nani angejua? Mkataba ukishawekwa kwenye Ethereum, msimbo wake haubadiliki. Hata mimi niliyeuandika sina pa kupenyea, labda niwe nimeacha mlango huo tangu mwanzo, na mlango wenyewe utaonekana na yeyote anayejua kusoma msimbo. Sikuuacha.

Mweka hazina alipoelewa hilo, aliuliza papo hapo: "Sasa mwanangu, mtu akiwa na matanga, zamu tutabadilishana namna gani?"

Swali hilo limenipa kazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Huruma iliyokuwa ikipitia kwenye simu yangu sasa inabidi iandikwe kabla ya msiba kutokea. Nimefanya hivi: mwenye shida anatuma ombi, mwenzake mwenye zamu ya karibu anakubali kwa ufunguo wake mwenyewe (namba ya siri ya kutia sahihi, iliyo kwenye simu yake), ndipo mkataba unabadilisha nafasi zao. Mimi simo kabisa. Ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Halafu kuna suala la saa. Kwenye seva unapanga kazi ijiendeshe yenyewe usiku wa manane, unalala. Mkataba haujiamshi. Unangoja mtu atume muamala na alipie gesi, yaani ada ya kazi inayofanywa na mtandao, ndipo uangalie saa ya bloku na kuamua kama siku imefika. Kwa hiyo kitufe cha kupokea nimemwachia mwenye zamu, maana hakuna anayeingoja siku hiyo kuliko yeye.

Hesabu zinataka uangalifu. Solidity inahesabu kwa namba kamili tu, na USDC, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, ina nafasi 6 baada ya nukta, basi dola 20 ndani ya mkataba inaandikwa 20000000.

Kuhifadhi nako ni ghali. Muamala mtupu wa kutuma etha, sarafu ya Ethereum, unakula vipimo 21,000 vya gesi. Kuandika data mpya ya baiti 32 kunaongeza si chini ya 20,000 nyingine. Kwenye MySQL nilikuwa naweka jina, namba ya simu, hata picha, bila kuwaza. Hapa nimebakiza anwani ya pochi ya kidijitali ya kila mmoja na namba ya zamu. Lakini hata kama ingekuwa bure nisingeweka majina: kilichoandikwa pale kinasomwa na dunia nzima, hata kile ulichokitaja kwenye msimbo kuwa cha siri. Mama wa watu hakuchanga pesa zake ili wageni wamjue. Majina yanabaki kwenye simu za wanachama.

Kuhusu wizi, nimefuata funzo la The DAO, mfuko wa pamoja wa uwekezaji uliojengwa kwenye Ethereum. Juni 2016 mkataba ule ulipoteza etha zipatazo milioni 3.6 kwa sababu ulitoa pesa kabla ya kupunguza salio, na mshambuliaji akaomba tena na tena ndani ya ombi lile lile. Kwangu zamu inaandikwa kuwa imelipwa kwanza, pesa inatoka mwisho. Nimeandika pia mkataba wa mwizi ujaribu mbinu hiyo, na umekataliwa.

Kilichobaki ni simu kuibiwa. Zamani nilimpa mtu neno jipya la siri, basi. Sasa ufunguo ukipotea hakuna wa kuurudisha. Ninajenga kura: wengi wa wanachama wakikubali, anwani ya zamani inabadilishwa na mpya, baada ya siku kadhaa za kungoja ili mwenyewe apate nafasi ya kupinga. Idadi ya siku hizo wataamua akina mama kwenye kikao chao, kisha naendelea.